Imani ya Mtunzi, Pumzi ya Mpigaji

Je, muziki usio na neno hata moja waweza kuitwa ushuhuda wa imani? Na kama waweza, ni imani ya nani: ya aliyeutunga, ya anayeupiga, au ya anayeusikiliza? Labda wapo watakaosema kwamba haya ni maswali ya watu walioshiba. Mimi naona yana uzito, kwa sababu nyuma yake limejificha swali linalomgusa kila mtu, awe mpenzi wa muziki au asiwe: mtu aweza kuibeba imani ya mwenzake bila ya kuwa mnafiki?

Ndugu msomaji, wengi wetu tumeijua imani kwa njia ya maneno. Anayekwenda kanisani husikia kwaya, na kwaya isiyo na maneno haipo. Anayehudhuria maulidi husikia kaswida, na hapo pia maneno ndiyo yenye mzigo; dufu ni msindikizaji tu. Tukiulizwa kama wimbo fulani ni wa dini au wa dunia, tunatega sikio tusikie unasema nini. Ukimtaja Mungu, wa dini huo. Ukitaja mapenzi, basi tena, hizo nyimbo za dunia. Kipimo hiki ni chepesi, nacho kimetufaa kwa mengi. Lakini mtu aliyekizoea humwia vigumu kuwaelewa wanaodai kwamba fidla, selo, klarineti na piano, bila mwimbaji yeyote, zaweza kumtukuza Mungu.

Na wanaodai hivyo wapo. Katika muziki wa Ulaya kuna utanzu uitwao muziki wa chemba, yaani muziki wa chumbani. Uliitwa hivyo kwa kuwa hapo zamani ulitungwa upigwe ukumbini mwa nyumba, na watu wachache tu, wawili, watatu au wanne, kila mmoja akiwa na sehemu yake asiyoshirikiana na mtu. Kwa kawaida hakuna anayesimama mbele na kijiti kuwaongoza. Ukikosea hakuna wa kukuficha, maana hakuna wa pili anayepiga unachopiga wewe. Katika karne ya 20 baadhi ya watunzi wakubwa waliuchagua muziki huu mdogo, wakaacha kwaya na okestra pembeni, wakaufanya chombo cha kusemea yale wanayoyaamini. Nitawataja wawili, ingawa hoja yangu kubwa itamwelemea mmoja.

Olivier Messiaen alizaliwa Ufaransa mwaka 1908. Alikuwa Mkatoliki wa dhati, na tangu mwaka 1931 hadi alipofariki mwaka 1992 alikuwa mpiga kinanda wa kanisa la La Trinité jijini Paris. Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka aliingizwa jeshini, na mwaka 1940 akatekwa na Wajerumani, akapelekwa Stalag VIII-A, kambi ya mateka wa vita kando ya mji wa Görlitz. Mahali ilipokuwa kambi hiyo leo ni ndani ya mpaka wa Poland. Pale alikuwa na wapigaji wengine watatu, mateka kama yeye: Jean Le Boulaire wa fidla, Henri Akoka wa klarineti, na Étienne Pasquier wa selo. Mlinzi mmoja Mjerumani, Karl-Albert Brüll, alimpatia Messiaen karatasi na penseli. Mateka walichangishana fedha, Pasquier akaenda mjini chini ya ulinzi kununua selo. Tarehe 15 Januari 1941, ndani ya banda la kambi, katika baridi kali, watu hao wanne walipiga kwa mara ya kwanza utungo wa Messiaen uitwao Quatuor pour la fin du Temps, yaani utungo wa wapigaji wanne kwa ajili ya Mwisho wa Wakati.

Jina hilo limetoka katika Ufunuo wa Yohana, sura ya 10. Yumo malaika aliyevikwa wingu, upinde wa mvua u juu ya kichwa chake, mguu mmoja baharini na mwingine nchi kavu, anaapa kwamba wakati hautakuwapo tena. Baadhi ya tafsiri husema wakati umekwisha, nyingine husema kusubiri kumekwisha. Kwa mtu aliyefungiwa kambini, asiyejua atatoka lini, nadhani tafsiri zote mbili zilikuwa tamu.

Sasa tuulize: imani iko wapi katika utungo huu?

Jibu la haraka ni kwamba iko katika majina. Utungo una vipande vinane, na cha tano kinaitwa sifa kwa umilele wa Yesu. Basi si kimekwisha jieleza? Hebu ngoja kwanza. Lahani ya kipande hicho, anayoiimba selo polepole kupita kiasi huku piano ikigonga taratibu chini yake, haikuzaliwa kambini. Messiaen aliitunga mwaka 1937 kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya Paris, ipigwe na vyombo vya umeme vilivyoitwa ondes Martenot katika tamasha la chemchemi za maji na taa kandokando ya mto Seine. Jamani! Sauti zile zile ambazo leo huwatoa watu machozi kwa kumfikiri Kristo, zilianza kazi yake zikisindikiza maji yanayorushwa juu ili watazamaji wafurahi.

Upande wa pili yupo Sofia Gubaidulina. Alizaliwa mwaka 1931 katika jamhuri ya Watatari ndani ya Urusi ya Kisovieti, baba yake Mtatari, na babu yake upande huo alikuwa mullah. Yeye mwenyewe alibatizwa katika kanisa la Orthodoksi mwaka 1970, katika dola lisilotaka dini. Mwaka 1979 alishutumiwa hadharani na wakubwa wa Chama cha Watunzi. Mwaka 1982 akatunga kazi kwa ajili ya selo, bayan (akodiani ya Kirusi) na nyuzi, akaiita Maneno Saba, yaani yale maneno saba ya Kristo msalabani. Hamna anayeyatamka; vyombo peke yake ndivyo vinavyohangaika. Kazi hiyo ilipochapishwa katika Umoja wa Kisovieti ilipewa jina la Partita, jina la kawaida tu la mfululizo wa vipande vya muziki, lisilomtisha mkaguzi yeyote. Gubaidulina baadaye alihamia Ujerumani, akafariki huko mwaka 2025.

Tazama basi mambo haya mawili yalivyo. Kule Görlitz lahani ya chemchemi ilipewa jina takatifu. Kule Moscow kazi ya msalaba ilivuliwa jina lake takatifu. Noti hazikulalamika, si huku wala kule. Kama imani ingekaa ndani ya jina, Maneno Saba ingekuwa imepoteza imani siku ile ilipobandikwa jina jingine. Na kama ingekaa ndani ya noti zenyewe, watazamaji wa chemchemi mwaka 1937 wangetoka pale wametubu dhambi zao.

Wengine watasema: imani iko moyoni mwa mtunzi. Sawa, sibishi kwamba Messiaen aliamini. Lakini moyo wa mtunzi hausikiki. Ili usikike unahitaji vidole, na mapafu, na shingo ya mtu mwingine iliyoinamia fidla. Na hapa ndipo penye kiini cha jambo, maana wale wenzake watatu hawakuwa na imani aliyokuwa nayo. Akoka, hasa, alikuwa Myahudi aliyezaliwa Algeria, na kisiasa alifuata mrengo wa Trotsky. Akoka alitaka kutoroka. Inasimuliwa kwamba alimshawishi Messiaen watoroke pamoja, na Messiaen akakataa, akiona kuwapo kwake pale ni mapenzi ya Mungu. Mwaka huo huo wa 1941 Akoka alitoroka kweli, akaruka kutoka kwenye treni inayokwenda, klarineti yake akiwa nayo. Baba yake alikamatwa na kupelekwa Auschwitz, asirudi.

Basi fikiri. Kipande cha tatu cha utungo ule ni cha klarineti peke yake. Messiaen alikiita shimo la ndege. Shimo ni Wakati, pamoja na huzuni zake na uchovu wake. Ndege ni hamu yetu ya mwanga. Kinamtaka mpigaji aanzishe sauti moja kutoka kimya kabisa, aikuze bila kuivunja mpaka ijae chumba kizima. Mtunzi hawezi kuvuta hewa kwa niaba yake. Pumzi iliyoitamka ile hamu ya Mkatoliki ilikuwa pumzi ya Myahudi, ndani ya kambi ya watu waliokuwa wakiwawinda Wayahudi. Je, ile ilikuwa haki? Hakutumiwa tu, kama mtu anavyotumia filimbi? Na yeye mwenyewe, alipopuliza asichokiamini, hakuwa akidanganya?

Wapo watakaojibu kwa wepesi kwamba muziki hauna dini. Jibu hili silitaki. Linamdharau Messiaen, aliyesema wazi anachokiamini, na linamdharau Akoka vile vile, kana kwamba tofauti iliyokuwa kati yao ilikuwa kitu kidogo. Wapo pia watakaosema kwamba Akoka, kwa kupiga vizuri vile, alikuwa muumini bila kujijua. Hili ni baya zaidi. Ni kumvisha mtu kanzu akiwa amelala.

Mimi nadhani lugha yetu yenyewe inatupa njia. Tunalo neno imani. Tunalo pia neno amana. Na tunalo uaminifu. Yote matatu yametoka katika shina moja la Kiarabu, nasi tunayatamka kila siku bila kuyatazama uso kwa uso. Amana ni kitu cha mtu kilichowekwa mikononi mwako. Si chako. Hutakiwi kukipenda wala kukiamini. Unatakiwa kukitunza na kukirudisha kizima. Jirani akikuwekea fedha za hija nawe si Mwislamu, au za kujengea kanisa nawe si Mkristo, hatukuulizi unaswali wapi. Tunakuuliza kama zimetimia. Ukizirudisha zote wewe ni mwaminifu, na hakuna hata senti moja ya unafiki ndani yake, kwa sababu hukusema kwamba ni zako.

Ndivyo ninavyomwona mpigaji wa muziki wa chemba. Imani ni ya mtunzi. Mpigaji amepewa amana. Akoka hakusema uongo. Uongo ungekuwa kupiga ovyo kwa kisingizio kwamba yale si mambo yake, au kujitia uchamungu wa usoni ambao hakuwa nao. Na Messiaen hakumtumia kama filimbi, kwa sababu filimbi haiwekewi amana. Amana huwekewa mtu, tena mtu unayemthamini, mwenye uwezo wa kukataa.

Utungo wenyewe umejengwa juu ya jambo hili. Chukua kipande cha sita, ile ngoma ya ghadhabu ya tarumbeta saba. Kutoka mwanzo hadi mwisho wapigaji wote wanne wanapiga lahani moja, bila ya mmoja kumpambia mwenzake. Mapigo yake si ya kuhesabu moja mbili, moja mbili; yamekatwakatwa, huku yamerefushwa kidogo, huku yamefupishwa. Ukichelewa nukta moja, unasikika. Wanne wasiokubaliana juu ya Mungu wanalazimika kukubaliana juu ya kila pigo, na hawana wa kuwahesabia. Hapo Kiswahili kina neno jingine la shina lile lile: kuaminiana. Kwa wapigaji hawa kuaminiana si maneno ya hotuba. Ni kujua kwamba nikianza sasa hivi, mwenzangu naye ameanza.

Au chukua kipande cha kwanza. Piano ina mfululizo wa mapigo 17 unaorudiwarudiwa, na juu yake mfululizo wa mafungu ya sauti 29 unaorudiwa pia. Ni kama siku za wiki na tarehe za mwezi: Ijumaa hurudi, tarehe mosi hurudi, lakini Ijumaa kuja kukutana tena na tarehe mosi huwa mpaka usubiri. Hapa mifululizo miwili haikutani tena mpaka yapite mapigo 493, na kipande kinakwisha zamani kabla ya hapo. Tunachosikia ni kijisehemu cha mzunguko ambao ungeendelea na kuendelea. Hilo halisemi kwamba umilele upo, wala halimthibitishii mtu kitu. Ila mpiga piano asiyeuamini umilele, akiheshimu kila pigo kama lilivyoandikwa, atakuwa amekuonyesha umbo la kitu ambacho mtunzi aliamini. Ukishaonyeshwa, la kufanya ni lako.

Najua nitaulizwa: kama asiyeamini aweza kupiga sawasawa na anayeamini, si tumeishusha imani ikawa ufundi tu? Hapana. Imani ya Messiaen ndiyo iliyouliza mambo yale magumu. Ufundi peke yake usingekuwa na sababu ya kuyauliza. Lakini swali hili naligeuza, maana lina upande wa pili tusioupenda. Mara ngapi umesikia kikundi cha nyimbo za dini kikiimba nusunusu, mazoezi hakuna, sauti zinapishana, halafu mtu akithubutu kunong'ona anaambiwa eti Mungu anaangalia moyo? Mungu anaangalia moyo, ndiyo. Lakini moyo uliokataa kuamka mapema kufanya mazoezi, yeye anauona pia. Ikiwa mateka asiyeamini, mwenye njaa, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, aliweza kuitunza imani ya mwenzake kwa uaminifu namna ile, sembuse sisi na imani tunazoziita zetu?

Nikishasifu hivyo, haki inanilazimu niseme na jambo jingine. Messiaen, katika miaka ya baadaye, alipenda kusimulia kwamba usiku ule wa Januari walisikilizwa na mateka elfu tano, na kwamba selo ya Pasquier ilikuwa na nyuzi tatu tu. Pasquier alikanusha. Selo ilikuwa na nyuzi nne kama kawaida, na banda lile lingewatosha watu mia kadhaa, si maelfu. Ni tofauti kubwa hiyo, na ni ajabu kidogo kwamba katika jambo hili mwenye imani ndiye aliyeongeza chumvi, na asiyekuwa na imani hiyo ndiye aliyeitunza hesabu.

Simwiti Messiaen mwongo. Watu waliopita katika mateso hukumbuka kwa namna zao. Lakini naona huko kuongeza kunatuonyesha udhaifu unaowapata waumini wengi wa dini zote: tunaogopa kwamba ushuhuda mdogo hautatosha. Mkutano ukihudhuriwa na watu mia mbili, tangazo litasema maelfu. Mgonjwa akipata nafuu, tutasema amefufuka. Kwa nini? Watu mia kadhaa, waliotoka nchi mbalimbali, wakiwa kimya kwa karibu saa nzima, wanasikiliza muziki ambao wengi wao hawakuwahi kusikia mfano wake: jambo hilo lilikuwa linatosha kabisa. Na muziki wa chemba ndio ulipaswa kutufundisha hivyo, kwa kuwa wenyewe tangu asili ni muziki wa wachache, unaoridhika kuwa wa wachache.

Lipo jambo moja la mwisho katika lugha yetu. Tukisema fulani ana imani, mara nyingine hatuna maana ya dini. Tuna maana kwamba ana huruma, hawezi kumwona mwenzake anaumia akapita. Kwa maana hiyo ya pili, imani kule Görlitz ilikuwa pia kwa mateka waliotoa fedha zao chache ili selo inunuliwe, nao hawakuwa wapigaji. Ilikuwa kwa Brüll, aliyevaa sare ya adui na kutoa karatasi. Bila hiyo, imani ya Messiaen ingebaki kichwani mwake, hakuna ambaye angeisikia.

Kwa hiyo mimi nasema muziki wa chemba waweza kuisema imani, kwa sharti moja: mwenye imani akubali kuiweka mikononi mwa wengine, pengine wasiokubaliana naye, bila kuwadai waigeuze kuwa yao. Hapo kuna hatari. Wanaweza kuiharibu. Wanaweza pia kuipiga vizuri kuliko alivyoiamini yeye. Anayetaka imani yake isiguswe ila na waumini wenzake tu, huyo na abaki na maneno, tena ayasemee chumbani mwake.

Najua wapo watakaoona kwamba nimeirahisisha imani kwa kuiita amana, na wengine watakaoona kwamba nimemtwisha Akoka mzigo ambao hakuomba kubebeshwa. Hoja hii ya pili ndiyo inayonisumbua, maana Akoka hawezi kujibu. Mwenye la kusema na alilete, ukumbi uko wazi.